Mrudishieni mama ufagio wake

Mama yangu alihamia kwangu Tabata Januari 2017. Alishuka kwenye basi la Tanga akiwa na begi moja, kapu la machungwa ya Muheza na ufagio wa chelewa alioufunga mwenyewe kwa kipande cha kanga kuukuu. Baba alikuwa amefariki miezi minne kabla. Sisi watoto tulikaa kikao, tukakubaliana kwamba mama hawezi kubaki peke yake kijijini, na kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba na nina nyumba, jukumu likawa langu.

Asubuhi yake ya kwanza nilimkuta uani, giza halijatoka, anafagia. Nikamnyang'anya ufagio. "Mama, umefanya kazi miaka yote hii. Sasa kaa upumzike, sisi tupo." Nikauweka nyuma ya mlango wa stoo. Alinitazama kidogo, akanawa miguu, akaenda kukaa kwenye kochi. Alikuwa na miaka 71. Kwa miaka miwili na nusu iliyofuata hakuinuka sana kwenye kochi lile, na mimi niliona fahari.

Naandika makala haya kwa sababu ya ule ufagio. Nilichokiona nyumbani kwangu nakiona pia kwa wateja wangu, kwa majirani na kwa ndugu zangu: tunawapenda wazazi wetu kwa kuwakalisha na kuwalisha, na kwa mapenzi hayohayo tunaichosha mioyo yao.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi hii nimeifanya miaka 31, na kila mteja wangu ana ukurasa wake kwenye daftari: bega, kifua, kiuno, tumbo, hipsi, urefu. Mama naye ana ukurasa wake, maana kila Idi namshonea gauni. Vipimo vyake viko mbele yangu ninapoandika. Juni 2017, tumbo inchi 36. Juni 2018, inchi 40. Juni 2019, inchi 43. Nimeandika kwa kalamu ya risasi, na pembeni ya kipimo cha 2018 kuna maneno ya mkono wangu: "acha nafasi, mama ananawiri".

Kule Muheza siku ya mama ilianza kwa swala ya alfajiri na ufagio. Kisha jembe begani, mwendo wa karibu nusu saa hadi shambani, palizi mpaka jua liwe kali, kurudi na mzigo wa kuni au mihogo kichwani, kwenda kisimani, kutwanga, kupika. Alikula ugali wa muhogo kwa kisamvu, samaki akipatikana, na machungwa aliyoyaokota chini ya mti. Huku kwangu siku ilianza kwa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, chapati mbili na vitumbua. Saa nne soda, kwa sababu kaka yangu alileta kreti kila mwisho wa mwezi, na soda ndiyo ilikuwa alama ya kwamba mtoto wa kiume anamkumbuka mama yake. Mchana wali wa nazi. Jioni tamthilia za Kituruki na bagia za kusindikizia. Maji ya kunywa aliletewa alipo. Dada wa kazi nilimkataza kabisa kumwacha bibi aguse chombo.

Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 37 hivi, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, na ikiwezekana ishuke hadi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita kwa siku nzima. Mama alikuwa ameshavipita mara mbili kabla ya saa tano asubuhi, na aliyempa ni mimi.

Majirani walinipongeza. "Mama yako mji umempokea!" "Umemtunza mama, Mungu atakulipa." Wifi yangu alipokuja kutoka Korogwe alimshika mama mikono yote miwili, akamzungusha, akasema mbele ya watu, "Mama, sasa ndiyo umekuwa na afya." Kiswahili chetu cha mtaani kimelala hapo: mtu akinenepa tunasema ana afya, akipungua tunamuuliza kama anaumwa. Nani angeona ugonjwa mahali ambapo lugha yenyewe inaona afya?

Najua hofu ya wembamba imetoka wapi, kwa sababu nami ninayo. Kizazi changu kilisimama kwenye foleni za unga na sukari miaka ya 1980, kisha kikazika ndugu na marafiki miaka ya 1990, wakati UKIMWI ulikuwa hauna dawa kwetu. Mtu akikonda, majirani walinong'ona. Mwili mnene ukawa ushahidi kwamba ndani ya nyumba kuna chakula na hakuna maradhi. Ushahidi huo umepitwa na wakati. Takwimu za kitaifa za afya zinaonyesha kuwa wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, na kufikia 2015/16 walikuwa asilimia 28. Hao ndio bibi wa kesho, na wataingia uzeeni na mzigo ambao mama yangu aliupata ukubwani.

Mwishoni mwa Julai 2019 nilimpima mama kwa ajili ya Idi kubwa. Futi lilisoma inchi 46. Inchi tatu zimeongezeka ndani ya wiki saba au nane, na mimi, mwenye miaka yote hiyo kwenye ufundi, sikushtuka. Niliongeza kitambaa ubavuni nikaendelea kushona. Alikuwa amekwisha kuacha magauni ya zipu siku nyingi, anavaa madera na sketi za mpira. Zipu ikikataa kupanda, mtu anajua mwili umebadilika. Dera linapokea kila kitu na halisemi.

Zilikuwepo dalili nyingine ambazo tulizipa majina yetu. Alikoroma usiku hadi wajukuu wakawa wanacheka, na katikati ya kukoroma pumzi inakatika, kimya, kisha anashtuka kama aliyezama majini. Tukasema ni uchovu. Viatu vilimbana jioni, tukamnunulia ndala pana. Alianza kulala na mito miwili, kisha mitatu. Siku nne kabla ya Idi, saa nane usiku, dada wa kazi alinigongea mlango. Mama alikuwa ameketi kitandani, ameshika ukingo wa godoro kwa mikono miwili, anavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima, midomo imepauka. "Mwanangu," aliniambia, "nikilala nazama."

Hospitali tuliyokwenda sitaitaja. Daktari wa zamu alikuwa kijana wa umri wa mwanangu. Alimwamkia bibi yake shikamoo, akapima presha: 190 kwa 110. Kisha akainama, akamshika mama mguu, akakandamiza kidole gumba kwenye muundi kwa muda wa kuhesabu moja hadi tano, akaachia. Kidole kilitoka, shimo likabaki. Nililitazama lile shimo kwenye mguu wa mama yangu kama natazama alama kwenye unga uliokandwa. Daktari aliniuliza, "Mama, bibi analala na mito mingapi?" Nikajibu mitatu. Akauliza tena, "Presha alipimwa lini mara ya mwisho?" Hapo sikuwa na jibu. Mama yangu, miaka 73, alikuwa hajawahi kufungwa kile kitambaa cha kipimo mkononi hata mara moja.

"Huu wote si unene," daktari alisema kwa upole. "Mengine ni maji. Moyo umetanuka, umechoka kusukuma." Walimpa dawa ya kutoa maji, na ndani ya siku nane alipungua kilo saba, zote kwa njia ya mkojo. Kilo saba za ule unawiri tuliousifu zilikuwa maji yaliyokosa pa kwenda.

Niliomba nielezwe taratibu, na sasa naeleza kama nilivyoelewa. Mafuta ya mwilini yana uhai wake, yanataka damu. Kadiri yanavyoongezeka, moyo unasukuma damu nyingi zaidi, mchana na usiku, bila siku ya mapumziko. Mafuta yanayojazana ndani ya tumbo, kuzunguka ini, utumbo na figo, ndiyo mabaya kuliko yaliyo mapajani. Yanaufanya mwili usiisikie vizuri insulini, sukari inapanda, na figo zinabakiza chumvi na maji, presha inapanda. Mishipa ya mzee tayari imekakamaa kwa umri, kwa hiyo presha hiyo inagonga ukuta mgumu. Moyo unajibu kama mkono wa mpasua kokoto, unajenga msuli mnene. Lakini msuli wa moyo ukiwa mnene sana haunyumbuki, vyumba vyake havijai vizuri, na damu iliyokuwa iingie inarundikana nyuma, kwenye mapafu na miguu. Ukilala, maji ya miguuni yanarudi kifuani. Ndiyo maana ya mito mitatu.

Na kuna jambo moja ambalo kila mwenye mzee nyumbani alijue. Mshtuko wa moyo kwa mzee, hasa mwenye kisukari, unaweza kuja bila yale maumivu makali ya kifua tunayoyaona kwenye filamu. Unaweza kuja kama kuishiwa pumzi ghafla, jasho la baridi, kichefuchefu, au uchovu usio na sababu. Ukisema "bibi amekula vibaya, mpeni chai ya tangawizi alale", unaweza kupoteza saa ambazo zingeokoa maisha.

Kwa ulimwengu mzima, WHO ilikadiria kwamba mwaka 2019 magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sisi tumo humo. Ukitaka kuona mji unavyofanya kazi yake, tazama Hai, wilaya ya vijijini kule Kilimanjaro, na Dar es Salaam. Watafiti waliofuatilia kiharusi katika maeneo hayo mawili kati ya 2003 na 2006 walikuta kwamba, ukisawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam wapatao 316. Kiharusi na ugonjwa wa moyo ni watoto wa presha moja.

Utafiti mwingine uliwafuata watu zaidi ya 200 wa vijijini Morogoro waliohamia Dar es Salaam. Baada ya mwaka mmoja tu, wanaume waliokuwa wakifanya shughuli za kutoa jasho walishuka kutoka karibu wanane kati ya kumi hadi kama robo yao, na kwa wastani uzito uliongezeka zaidi ya kilo mbili kwa wanaume na wanawake. Hao walikuwa vijana na watu wazima wanaotoka kila asubuhi kutafuta riziki. Mama yangu hakuruhusiwa hata kufagia uwanja.

Sisemi kijiji ni dawa. Hukohuko Hai, wazee wa miaka 70 na zaidi walipopimwa, karibu saba kati ya kumi walikuwa na presha ya juu. Inawezekana kabisa mama alishuka kwenye lile basi na presha yake tayari. Palizi na mwendo vilikuwa vinaubebea moyo wake sehemu ya mzigo, nami nikaviondoa vyote siku moja, bila kipimo, bila kuuliza mtu.

Tanzania hii ina watu wanaotufundisha jambo hili bila kusema neno. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi walipofungwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, ilionekana wanatumia zaidi ya saa mbili kila siku katika shughuli zinazouchangamsha moyo, na wazee wao hawakuwa nyuma ya vijana. Dalili za hatari ya ugonjwa wa moyo kwao zilikuwa chache mno. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake, waliokaa na jamii hiyo miaka ya 1980, waliona mabibi wakichimba mizizi kwa bidii, na chakula hicho kikiwakuza wajukuu. Bibi wa Kihadzabe anahitajika. Hakuna anayemwambia akae.

Msidhani nawasema wanawake peke yao. Wanaume huniletea suruali, na ukweli wao unajificha mahali pengine. Wanafunga mkanda chini ya kitambi. Kwa hiyo mzee mstaafu anakuja kupimwa suti ya harusi ya binti yake, ananiambia "mimi ni 36 toka nikiwa kazini", na kweli mkanda unasoma 36. Nikipandisha futi hadi usawa wa kitovu linasoma 45. Miaka kumi amejipima mahali pasipohusika.

Ndiyo maana nilifurahi mno niliposoma habari za mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walionyesha kwamba madereva wa mabasi ya ghorofa, wanaokaa siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka mamia ya ngazi kila siku kukata tiketi. Mshahara haukutofautiana sana, mji mmoja, basi lilelile. Miaka mitatu baadaye walifungua rejesta za sare za wafanyakazi, wakakuta suruali za madereva ni pana zaidi kiunoni kuliko za makondakta. Rejesta ya mafundi nguo ikatoa ushahidi wa kitabibu! Tangu siku hiyo daftari langu nimelitazama kwa macho mengine. Naona humo nani amestaafu, nani amehamia kwa mtoto, nani amenunuliwa gari.

Kwa fundi mwenzangu na kwa yeyote mwenye futi nyumbani: kipimo chepesi ni hiki. Pitisha futi tumboni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ametoa pumzi, wala usilivute. Tumbo likizidi nusu ya urefu wa mtu, kuna jambo la kumuuliza daktari. Mwanamke wa futi tano na inchi mbili ana inchi 62, nusu yake ni 31. Mama ni wa urefu huo. Juni 2017 tayari alikuwa 36, na nilimpeleka hadi 46.

Nikiyasema haya kwenye shughuli zetu najibiwa, "Mwache mzee ale anachopenda, ana miaka mingapi tena?" Nalielewa jibu hilo, lina huruma ndani yake. Lakini anayelisema hajamwona mzazi wake akilala ameketi. Hajamwona mama aliyezaa watoto saba na kulima ekari mbili akishindwa kutembea hatua kumi hadi chooni, akilia kwa aibu kwa sababu mjukuu ndiye anamsaidia. Mama hakuniomba miaka. Usiku ule aliomba alale chali apumue.

Wengine wanakosea upande wa pili, nami nilikosea hivyo kwa muda. Tulipotoka hospitali niliogopa hadi nikaanza kumnyima chakula. Mtaalamu wa lishe alinikemea. Mzee akila kidogo mno anapoteza msuli pamoja na mafuta, na msuli ukiisha anaanguka, akianguka nyonga inavunjika. Mzee anayekonda bila kukusudia naye apelekwe hospitali upesi. Kinachotakiwa ni tumbo lipungue na miguu ibaki na nguvu. Kwa hiyo maharage, dagaa, mayai na mboga vikabaki. Soda, sukari ya chai na vitumbua vya kila siku vikaondoka. Chumvi ikashuka, maana WHO inashauri chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyote unavyokula. Ng'onda, ambao mama anawapenda kuliko nyama, wanalowekwa na kumwagwa maji mara mbili, tena siku mojamoja.

Na dawa. Dawa za presha ni za kila siku, hata siku unayojisikia mzima, kwa sababu uzima huo umeletwa na hizo dawa. Nimezika wateja wawili walioacha vidonge kwa sababu "presha imepona". Kazi na mwendo vinakwenda pamoja na dawa, havichukui nafasi yake.

Oktoba 2019, daktari alipotoa ruhusa, nilifungua stoo nikatoa ule ufagio wa chelewa. Kipande cha kanga kilikuwa kimeliwa na mende, nikafunga kingine. Nilimpa mama mkononi. Hakusema kitu. Siku ya kwanza alifagia kutoka mlangoni hadi kwenye ndoo za maji, akakaa kwenye kigoda, akapumzika. Baada ya mwezi alifika getini. Sasa kila asubuhi isipokuwa Ijumaa anakwenda gengeni kununua mboga, robo saa kwenda na robo saa kurudi, akisimama kusalimia kila mlango. Nusu saa kwa siku sita ni dakika 180 kwa wiki, na kiwango cha chini cha WHO ni dakika 150. Siku tatu kwa wiki anasimama na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kushika kitu, mazoezi ya miguu aliyofundishwa kliniki. Ukutani kuna viroba vya saruji alivyovijaza udongo, vina mchicha na bamia. Mjukuu asiyemwagilia anasikia maneno ya bibi.

Kwa serikali na halmashauri zetu nina machache. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo Muhimbili tangu 2015, na ni heshima kwa taifa kwamba mioyo inatibiwa hapahapa nyumbani. Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza, ametumia miaka mingi kuwaonya Watanzania kuhusu vitambi na sukari, na wapo waliomcheka. Lakini mgonjwa anayefika meza ya upasuaji amepita milango mingi iliyokuwa wazi. Mlango wa kwanza ni kipimo cha presha kwenye zahanati ya mtaa. Kiwepo, kifanye kazi, na dawa zake ziwepo mwezi hadi mwezi, maana mzee aliyerudishwa mara mbili bila dawa harudi mara ya tatu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mzee wa presha ndiye wa kwanza anayeisubiri iguse maisha yake. Na njia za waenda kwa miguu ziachwe kwa waenda kwa miguu. Mama yangu anatembea kwa dawa ya daktari, na kila siku anapishana na bodaboda juu ya njia aliyojengewa yeye, huku mtaro usio na mfuniko uko upande wa pili.

Misikiti na makanisa yana wazee wote mahali pamoja kila wiki. Kipimo kimoja cha presha, muuguzi mmoja wa kujitolea na daftari vingefanya kazi kubwa baada ya swala au ibada.

Lakini zaidi nasema na sisi watoto. Mzazi wako akija mjini, kabla hujamwonyesha chumba, mpeleke akapimwe presha na sukari. Ukienda kumsalimia, badala ya kreti beba samaki, matunda au viatu vizuri vya kutembelea, kisha tembea naye. Mpe kazi ya kweli inayolingana na nguvu zake, ambayo asipoifanya nyumba itaona pengo. Na yule aliyeko kijijini bado anashika jembe, usimwambie aache. Mwambie apime.

Lile gauni la Idi kubwa ya 2019, la inchi 46, halikuvaliwa hata siku moja. Nimelitundika kiwandani kwangu juu ya cherehani, na wateja wakiniuliza ni la nani nawasimulia. Machi 2025 nilimpima mama kwa ajili ya Idi. Alikuwa na miaka 79, presha yake ilikuwa inacheza kwenye 135 kwa 80, alikuwa analala na mto mmoja, na futi lilisoma inchi 38. Zilikuwa bado nyingi kwa urefu wake, na bado tunapambana.

Wewe unayesoma hapa, safari hii ukimkuta mzazi wako amenenepa, usimsifu kwanza. Mkandamize kidole kwenye muundi uone kama shimo linabaki, muulize analalia mito mingapi, kisha mshike mkono mwende kwa miguu hadi zahanati.